Mifupa iliyovimba bila usaha: kisa cha mtoto mmoja wa Lamu

Kwa nini nimekiandika

Mtoto huyu alitibiwa bakteria kwa miezi minane, na bakteria hawakuwepo. Tulipopata jina la ugonjwa, osteomielitisi sugu isiyo ya bakteria, yaani uvimbe wa mfupa usioletwa na kijidudu, na dawa iliyomfaa, maumivu yalikwisha, nasi tukadhani amepona. Ugonjwa ukarudi mahali pengine, kwa sura nyingine, na safari hiyo aliyechelewa kuutambua ni mimi.

Nawaandikia wenzangu walio katika zahanati na hospitali za pwani. Nawaandikia pia wazazi waliotajiwa jina refu la ugonjwa wakarudi nyumbani hawajui wamebeba nini. Mtoto na wazazi wake wameridhia. Umri, kijiji na baadhi ya mambo ya nyumbani nimeyageuza au kuyaacha. Mfululizo wa matibabu, pamoja na makosa yetu, ni ule ule.

Mtoto na kwao

Ni msichana. Alikuwa na miaka 9 na kilo 26 ugonjwa ulipoanza. Kwao ni kisiwa kimojawapo cha Lamu. Baba ni mvuvi, mama hushona kofia, na nyanya mzaa mama anakaa nao nyumba moja. Chanjo zote alipata na hakuwahi kulazwa. Mama ana ngozi ya magamba viwikoni inayokuja na kuondoka, jambo ambalo hakuna aliyeliuliza kwa miezi minane, nami nitalirudia.

Kufika kwangu Malindi wanavuka kwa boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen, njia ya kilomita zipatazo 220. Emarai (MRI), mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, iko Mombasa, kilomita nyingine 120 mbele. Msomaji aubebe mwendo huo akilini, kwa sababu maamuzi yetu kadhaa yalipimwa kwa nauli kabla ya kupimwa kwa dawa.

Mguu

Ilianza kwa maumivu ya mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Siku chache nyuma alikuwa ameteleza ngazini akitoka madrasa, kwa hiyo kila mtu alikuwa na maelezo tayari. Mchana alicheza, japo akichechemea. Usiku aliamka akilia. Homa hakuwa nayo.

Wiki ya tatu mahali pale pakavimba na kuwa na joto. Eksirei ilionyesha tundu jeusi ndani ya muundi, karibu na sehemu mfupa unapokulia, likizungukwa na ukingo mweupe. Hospitali iliyompokea ikasema ni bakteria wameingia mfupani, na kwa picha ile kila mmoja wetu angesema hivyo. Pwani yetu hii, mtoto akiumwa mfupa, swali la kwanza ni selimundu, maana ugonjwa huo ni mwingi Kilifi na kandokando yake, na mfupa wa mtoto mwenye selimundu huweza kufa sehemu kwa kukosa damu au kuingiwa na salmonela. Kipimo kilifanywa siku hiyo hiyo. Hakuwa nayo. Waliompima walifanya vema, na nataka hilo liandikwe kabla sijasema lililokwenda mrama.

Alilazwa, akapewa kloksasilini ya mshipa wiki mbili na ya kunywa wiki nne, pamoja na ibuprofeni ya maumivu mara tatu kwa siku. Daktari wa upasuaji alifungua mfupa kutoa usaha. Usaha haukuwepo. Alikuta tishu nyekundu na mfupa mgumu, akapeleka sampuli maabara, na hakuna kijidudu kilichoota. Chembe nyeupe za damu zilikuwa za kawaida. Vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini: CRP ilikuwa 18, ESR 48. Zimepanda, lakini si kwa kiwango unachokitarajia kwa mfupa uliojaa bakteria.

Ikaandikwa kwamba hakuna kilichoota kwa sababu dawa zilitangulia upasuaji. Huenda likawa kweli kwa mtoto mwingine. Wiki ya nne maumivu yalipungua, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na kloksasilini ikapewa sifa.

Hapa ndipo pa kusimama. Mtoto huyu alikuwa anakunywa dawa mbili. Moja inaua bakteria, nyingine inatuliza uvimbe. Aliyepata nafuu alipata kwa ile ya pili, tena kwa ugonjwa ambao hupanda na kushuka wenyewe hata usipopewa kitu. Ibuprofeni ilifanya kazi, kloksasilini ikachukua jina, na kwa jina hilo tukapoteza miezi sita mingine.

Mtulinga

Miezi minne baada ya kumaliza dawa, ncha ya ndani ya mtulinga wa kulia ilivimba, ukubwa wa ndimu. Hospitali nyingine, antibiotiki nyingine, seftriaksoni. Haikusaidia. Klindamaisini. Nayo haikusaidia. Safari hii hakupewa ibuprofeni, maana alikuwa amelalamika tumbo, na hakuna aliyeona kwamba badiliko pekee la maana kati ya safari ya kwanza na ya pili lilikuwa hilo.

Mmoja wa madaktari alitaka kuanza matibabu ya kifua kikuu cha mfupa, ambayo huchukua miezi 12. Simlaumu. Katika nchi yetu kifua kikuu lazima kifikiriwe, na mfupa unaovimba polepole bila homa kali unafanana nacho. Kwa bahati njema aliomba maoni kwanza, na ndivyo mtoto alivyofika Malindi.

Mtulinga wenyewe ulipaswa kutushtua. Bakteria wanaosafiri kwa damu hupenda fupa la paja na muundi, na ni nadra mno kuukamata mtulinga wa mtoto. Ugonjwa ninaouzungumzia hapa hupenda sana ncha ya ndani ya mtulinga. Daktari anayekumbuka hilo moja tu ana nusu ya jibu mkononi.

Siku nyanya aliponionyesha

Walikuja wote watatu, mama, nyanya na mtoto. Niliangalia picha kwenye mwanga, nikabonyeza mtulinga, nikabonyeza kifundo, nikaanza kuandika. Nyanya alikuwa amekaa kimya na buibui lake. Akasema, "Daktari mwanangu, na hapa hutazami?"

Akamlaza mjukuu wake kitandani kwa tumbo. Akatoa kichupa cha mafuta ya nazi mkobani, akajipaka viganjani kama aliye nyumbani kwake, akaanza kumkanda kutoka shingoni kwenda chini, kidole gumba kikitangulia. Hakubonyeza kwa nguvu. Alipofika kwenye fupanyonga upande wa kushoto, mtoto hakulia wala hakusema neno, ila vidole vya mguu wake vilijikunja. Nyanya akainua macho kunitazama. Akaendelea. Juu ya goti la kulia, vidole vikajikunja tena.

"Huyu mwana hasemi," akaniambia. "Ukimuuliza, atakwambia hajambo. Lakini miguu yake inasema. Hapa ni tangu mfungo sita."

Nilirudia mwenyewe kwa kidole changu, nikapata yale yale. Eksirei ya nyonga haikuonyesha kitu. Ya goti ilionyesha kivuli kidogo ambacho ningekipita kama sikuelekezwa. Mtoto aliyeletwa na ugonjwa wa mifupa miwili alikuwa na ugonjwa wa mifupa minne, na aliyekuwa anajua hivyo alikuwa ameketi pembeni katika wodi mbili kabla yangu, na hakuna aliyemuuliza.

Tulichoondoa kabla ya kutaja jina

Ugonjwa huu hauna kipimo chake. Unaufikia kwa kuondoa mengine, na mengine hayo ni mazito: saratani ya damu, saratani ya mfupa, uvimbe wa seli za Langerhans (aina ya seli za kinga), kifua kikuu, bakteria. Tulimpeleka Mombasa kwa biopsi ya mtulinga, yaani kukata kipande cha mfupa kipimwe, na kuchukua uboho.

Kuna vigezo vilivyotolewa Bristol, Uingereza, mwaka 2016, vinavyosema kwamba mtoto mwenye dalili na picha zinazolingana, mifupa zaidi ya mmoja, na CRP chini ya 30, anaweza kuthibitishwa bila biopsi. Mtoto wetu alitimiza. Bado tuliifanya. Hatukuwa na picha ya mwili mzima, na nilihofia siku moja mtu atampa prednisolone, dawa ya kundi la steroidi, ili kumpunguzia maumivu, na prednisolone huificha saratani ya damu kwa wiki kadhaa na kuvuruga tiba yake. Nilitaka mlango huo ufungwe kwanza. Uamuzi huo siujutii.

Majibu: uboho safi. Kifua kikuu hakikuonekana kwa mashine ya GeneXpert wala kwenye hadubini. Ndani ya mfupa mlikuwa na limfositi na seli za plazima, ambazo ni seli za kinga, na mfupa mpya unaojengeka kwa fujo. Seli za saratani hazikuwepo.

Jina lake ni osteomielitisi sugu isiyo ya bakteria; ikishika mifupa mingi na kurudi-rudi, madaktari huiita CRMO. Iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1972 na Giedion na wenzake huko Uswisi. Huwashika zaidi wasichana, hasa kati ya miaka 7 na 12. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na mgeni, huwasha moto ndani ya mfupa bila mgeni. Seli zake hutoa kwa wingi viashio vya uvimbe na kutoa kidogo mno kile kiitwacho IL-10, ambacho kazi yake ni kuuzima. Hauambukizi, wala hautokani na kuanguka ngazini.

Hapo ndipo nilipomuuliza mama kuhusu viwiko vyake. Ni soriasisi. Soriasisi, malengelenge ya usaha viganjani na nyayoni, na uvimbe sugu wa utumbo huandamana na ugonjwa huu kwa mgonjwa mwenyewe au kwa jamaa zake. Swali la dakika moja.

Naprokseni, futari na daku

Tulianza naprokseni, dawa ya kutuliza uvimbe ya kundi moja na ibuprofeni, miligramu 250 asubuhi na jioni, baada ya chakula, pamoja na omeprazoli kwa sababu ya tumbo lake. Antibiotiki zote zilisimama. Mama alilia niliposema hivyo. Kwake, kusimamisha dawa ya mshipa kulikuwa ni kumtelekeza mtoto, na alikuwa na haki ya kudhani hivyo baada ya miezi yote ile ya kuambiwa kwamba asipoimaliza atapoteza mguu.

Wiki ya sita alikuwa analala usiku kucha.

Ramadhani iliingia mwezi wa tatu wa dawa. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza kutaka kufunga kutwa, na wenzake wote wa madrasa walikuwa wanafunga. Wiki mbili alikunywa dawa kwa futari na daku bila kutuambia, kutwa nzima hana maji mwilini, kwa joto la Lamu. Naprokseni kwa mtu aliyekaukiwa huumiza figo. Tulipojua tulipima, na figo zilikuwa salama. Niliongea na baba kwa simu, baba akamfuata maalim, na maalim ndiye aliyemkalisha mtoto akamwambia kwamba mgonjwa ana ruhusa na kwamba siku zake atazilipa akipata afya. Mimi nilikuwa nimeshamwambia hayo hayo mara mbili. Kwa maalim alikubali mara moja.

Miezi ya kimya

Baada ya miezi kumi hakuwa na maumivu, CRP ilikuwa ya kawaida, na eksirei zilionyesha mfupa ukijijaza. Tulishusha naprokseni kidogo kidogo, tukaisimamisha. Nikawaambia: "Mrudi akiumwa."

Maneno hayo mawili ndiyo kosa langu kubwa katika kisa hiki. Nilikuwa nimesoma kwamba takriban nusu ya watoto hawa, hata waliotulia vizuri kwa dawa ya kwanza, ugonjwa huwafumka tena ndani ya miaka miwili. Nilikuwa nimeambiwa na nyanya, kwa kinywa chake, kwamba mtoto huyu hasemi. Nikayaweka yote mawili kando kwa sababu alikuwa anakimbia.

Kosa la pili lilianza mapema zaidi. Emarai ya mwili mzima, ambayo huonyesha uvimbe wa ndani ya mfupa hata pasipouma na hata pale eksirei inapokuwa safi, tuliiahirisha. Sababu ilikuwa fedha. Familia ilikuwa imeshauza mashine ya boti kulipia biopsi. Niliona kwamba haitabadilisha dawa, na kwa siku ile ni kweli haingeibadilisha. Ila tulikosa kuuona uti wa mgongo, na pingili ya mgongo ni mahali ambapo ugonjwa huu haufai kupuuzwa, kwa kuwa pingili iliyolainika hubonyea.

Mgongo

Miezi saba baada ya kusimamisha dawa, mama alipiga simu. Mtoto, sasa wa miaka 11, analalamika mgongo kidogo. Anabeba mkoba mzito wa vitabu, na nyumbani huteka maji. Zahanati walimpa dawa za kupunguza maumivu siku tano, akapata nafuu, maumivu yakarudi. Ilikuwa majira ya kusi, bahari imechafuka, na safari ya Malindi ni siku nzima. Nikasema arudie naprokseni, nitamwona bahari ikitulia.

Wiki tatu baadaye nyanya aliichukua simu mwenyewe. Hakuniambia habari ya maumivu. Alisema, "Anasali amekaa. Akisujudu, kuinuka ni kwa mikono, kama mimi."

Nilimwambia wapande basi kesho yake. Hawakuweza. Tangu simu ya kwanza hadi nilipomwona zilipita wiki nane.

Nilipopitisha kidole kuushuka mgongo wake, katikati ya mabega kushuka kidogo, kulikuwa na kituta ambacho macho hayakioni. Nilipogusa hapo alishika ukingo wa kitanda. Miguu ilikuwa na nguvu, mkojo hauna shida, na hilo lilinipa pumzi. Emarai, ambayo safari hii ndugu walichanga, ilionyesha uvimbe ndani ya pingili mbili za kifua. Ya saba ilikuwa imepoteza theluthi ya kimo chake. Fupanyonga na fupa la paja la kulia navyo vilikuwa vinawaka, na mtoto alikuwa hajui.

Kuchagua dawa ya pili

Nilizungumza kwa simu na daktari bingwa wa magonjwa ya viungo vya watoto aliyeko Nairobi. Tulitumia kama dira mipango ya matibabu iliyokubaliwa na madaktari wa CARRA, umoja wa watafiti wa magonjwa ya viungo vya watoto wa Amerika Kaskazini, mwaka 2018, kwa watoto ambao dawa za kundi la naprokseni zimewashinda au ambao ugonjwa umepanda mgongoni. Inataja njia tatu: methotrekseti au salfasalazini, dawa za kuzuia TNF (kimojawapo cha viashio vya uvimbe), na dawa za kundi la bisfosfoneti, kama pamidroneti.

Methotrekseti ni rahisi kupatikana, lakini huanza kazi polepole, na pingili haikuwa na muda huo. Dawa za TNF zina nguvu. Lakini bei yake ingeikausha familia, zinataka baridi bila kukatika kutoka duka la dawa hadi kisiwani, na huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, jambo zito kwa mtoto wa Kenya. Prednisolone ingempoza haraka, kisha ingedhoofisha mfupa ule ule tunaoutetea.

Tukachagua pamidroneti. Huzizuia seli zinazomung'unya mfupa, hupunguza maumivu mapema, na kwa pingili zilizobonyea ndiyo wengi huitegemea. Tuliwaambia wazazi waziwazi kwamba hukaa mfupani miaka mingi, na kwamba binti akikua na kufikiria uzazi lazima daktari wake aambiwe aliwahi kuitumia. Mama aliuliza mara mbili. Nilijibu mara mbili.

Kabla ya dripu ya kwanza tulipima figo, kalsiamu na vitamini D, tukamtuma kwa daktari wa meno. Vitamini D ilikuwa chini. Watu hushangaa, jua la Lamu lote lile, lakini msichana anayevaa akajifunika na kushinda ndani ya nyumba za mawe na vichochoro vyembamba halioni jua kama unavyodhani. Tuliijaza kwanza, na jino moja bovu likang'olewa. Pamidroneti juu ya vitamini D iliyopungua hushusha kalsiamu, na mtoto huweza kukakamaa mikono au kupata degedege.

Mpango: kilo 30, miligramu 30 kwa dripu ya saa nne, siku tatu mfululizo, kila baada ya miezi mitatu. Siku ya kwanza ya mzunguko wa kwanza nusu dozi. Usiku huo alipanda homa hadi 39 na mwili wote ukamuuma. Muuguzi wa zamu alikuwa tayari na dawa ya malaria mkononi. Tulipima malaria, hakuna. Homa ya namna hiyo baada ya dozi ya kwanza ni kawaida ya dawa hii, tulikuwa tumewaonya wazazi na kuiandika kwenye faili, na asubuhi ilikuwa imekwisha. Mizunguko mingine haikumletea.

Matokeo

Baada ya mzunguko wa pili alikuwa anasujudu na kuinuka bila mikono. Mizunguko ilikuwa minne kwa jumla. Emarai ya mwaka mmoja ilionyesha uvimbe umeondoka kwenye pingili zote mbili na kwenye nyonga. Kimo cha pingili ya saba hakikurudi, wala hakikupungua zaidi. Mgongo wake una mpindo mdogo ambao nguo inauficha. Mtulinga umebaki mnene. Anafanya mazoezi ya mgongo aliyofundishwa, si kila siku, kwa maneno yake mwenyewe.

Alipoteza mihula miwili ya shule. Familia ilipoteza mashine ya boti, na baba sasa anavua kwa chombo cha mtu mwingine. Hayo nayo ni matokeo.

Miezi mitano baada ya dripu ya mwisho ugonjwa ulifumka tena, kwa mfupa wa paja la kulia juu ya goti. Safari hiyo simu ilinifikia siku ya tatu na nikamwona siku ya tisa. Naprokseni ilitosha.

Uchambuzi

Tulishindwa kwa kukisoma vibaya kimya cha ugonjwa. Maumivu yalipotulia kwa mara ya kwanza tuliipa sifa dawa isiyostahili. Yalipotulia mara ya pili tuliyaita kupona. Katika ugonjwa unaopanda na kushuka wenyewe, nafuu haithibitishi dawa mpaka ujiulize ni nini kingine mgonjwa alikuwa anakunywa wakati huo huo, na ugonjwa ungekwendaje bila chochote. Orodha ya dawa zote, pamoja na zile za maumivu ambazo hatuzihesabu, ingetupa jibu pale mtulinga ulipovimba.

Antibiotiki ya kwanza ilikuwa halali. Mtoto mwenye mfupa uliovimba na picha ile hawezi kuachwa bila kinga ukisubiri jina la ugonjwa adimu. Osteomielitisi ya bakteria huua mfupa, na huweza kumuua mtoto. Wasiwasi wangu ni kwa antibiotiki ya pili na ya tatu. Mfupa umefunguliwa hauna usaha, hakuna kilichoota, chembe nyeupe ni za kawaida, na sasa mfupa wa pili umevimba, tena ni mtulinga. Hapo kubadilisha antibiotiki ni kuzunguka jiwe lile lile.

Biopsi ilifanya kazi yake, na bado ningeifanya leo. Emarai ya mwili mzima mwanzoni ningeipigania, hata kwa kuwaandikia watu barua za kuomba. Kama isingewezekana, ningepiga angalau picha ya mgongo mzima na kuupima mgongo kwa mkono kila safari. Uamuzi wa pamidroneti ulikuwa sahihi kwa mtoto huyu mwenye pingili iliyobonyea na nyumba iliyo ng'ambo ya maji. Mtoto wa Nairobi mwenye bima nzuri na soriasisi yake mwenyewe huenda angefaa zaidi dawa ya TNF.

Lakini kilichobadilisha kasi yetu kati ya wiki nane za mgongoni na siku tisa za gotini hakikuwa dawa wala mashine. Baada ya emarai ya mgongo nilichora umbo la mtoto kwenye karatasi, mbele na nyuma, nikatoa nakala kadhaa, nikampa nyanya kalamu nyekundu. Tulikubaliana kwamba kila Alhamisi jioni, akimpaka nywele mafuta, atampitisha kidole gumba mwili mzima kama alivyonionyesha ile siku ya kwanza, na pale vidole vya miguu vitakapojikunja atie alama. Nilimpa namba yangu, nikamwambia asisubiri bahari. Na kila miezi mitatu wana tarehe ya kuja, awe anaumwa au haumwi.

Nyanya hasomi herufi za Kilatini. Huandika tarehe za mwezi mwandamo kwa Kiarabu pembeni ya kila umbo, nami huzigeuza kwa kalenda ya ukutani. Zimeshafika karatasi 61 katika faili. Nyingi hazina alama. Iliyo juu ni ya wiki jana, na kuna kitone kimoja chekundu kwenye kisigino cha kushoto, chenye alama ya kuuliza kando yake. Nimewaita Jumatatu.